Safari ndefu ya mito na mifereji kwa boti ndogo: mafuta, kusoma maji na kulinda injini

Mwongozo huu ni wa boti ya mita 5 hadi 6, iliyo wazi au yenye kibanda kidogo, na injini ya petroli ya hosipawa 8 hadi 20 inayofungwa tezini, yaani nyuma ya boti. Ni kwa anayetaka kusafiri siku kadhaa mfululizo kwenye mto, mfereji au ziwa linalounganishwa na mito. Safari za namna hii haziharibiwi sana na mawimbi. Zinaharibiwa na mafuta kuisha kabla ya kufika, propela kugonga gogo, na mchanga kuziba maji ya kupoza injini.

Hatua ya 1: Hesabu saa, usihesabu kilomita

Ramani ikisema kilomita 60, bado hujajua lolote mpaka ujue mkondo una kasi gani. Boti inayokwenda kilomita 10 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, ikikutana na mkondo wa kilomita 4 kwa saa, itashuka mto kwa 14 na kuupanda kwa 6. Kilomita 60 zilezile zitachukua saa nne na robo kushuka, na saa 10 kamili kupanda. Injini ikila lita 3 kwa saa, ni lita 13 upande mmoja na lita 30 upande wa pili. Anayepanga mafuta ya kurudi kwa kipimo cha kwenda hukwama njiani.

Kupima mkondo ni rahisi. Pima mita 10 kando ya ukingo, tupa kijiti katikati ya maji, hesabu sekunde kinazotumia kuzipita. Gawanya 36 kwa sekunde hizo, upate kilomita kwa saa. Sekunde 9 ni kilomita 4 kwa saa.

Ulaji wa injini yako upime mwenyewe, boti ikiwa na mzigo wote wa safari. Jaza tangi hadi alama, endesha saa moja kwa resi utakayoitumia njiani, kisha rudishia mafuta hadi alama ileile kwa chombo chenye vipimo. Kwa kukadiria tu, injini ya petroli ikifunguliwa resi yote hula karibu lita 0.35 hadi 0.4 kwa kila hosipawa kwa saa. Ya hosipawa 15 itameza lita 5 na nusu hivi, na zile za kuchanganya oili, hasa za kabureta, huzidi hapo.

Resi yote haina faida kwa boti iliyojaa mzigo. Chukua urefu wa sehemu ya boti inayogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta urefu huo), zidisha kwa 4.5: hiyo ndiyo kasi ambayo boti isiyoweza kuruka juu ya maji hufikia bila kulazimishwa. Kwa mita 6 ni kilomita 11 kwa saa. Ukiongeza resi zaidi, tezi inazama, omo (mbele ya boti) inanyanyuka, mafuta yanakwisha na kasi haiongezeki cha maana. Kaa chini kidogo ya kipimo hicho, kwenye 8 au 9.

Ukishapata lita za sehemu moja ya safari, ongeza nusu yake. Hesabu ikisema 30, beba 45, ili theluthi ibaki utakapofika. Ziada hiyo huliwa na upepo wa mbele, kupotea njia na kusubiri.

Hatua ya 2: Andaa mafuta

Maji ndani ya petroli huzima injini nyingi. Acha dumu litulie, kisha mimina kwa faneli yenye chujio, na usiyatie tangini yale ya sentimita mbili za mwisho, chini ya dumu. Ukiwa na shaka, chota mafuta ya chini ya dumu uyatie kwenye chupa angavu: maji hukaa chini, na mstari unaoyatenga na petroli unaonekana kwa macho. Petroli iliyochanganywa na ethanoli huvuta unyevu hewani, hivyo usiiweke wiki nyingi. Dumu lijazwe likiwa limewekwa chini nchi kavu, si ndani ya boti, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutulia kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) ukingoja cheche.

Injini ya kuchanganya oili ifuate kipimo cha mtengenezaji. Kipimo cha 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua hata wazoefu. Injini inawaka vizuri, inakwenda dakika tano au kumi, inafifia, inazima. Ukiivuta inawaka tena, halafu inarudia yaleyale. Kabla ya kufungua kabureta, tazama pampu ya mpira iliyo kwenye paipu ya mafuta. Ikiwa imejibana kama imenyonywa, tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefungwa. Lifungue. Pampu ikiwa laini lakini haijajibana, hewa inaingia mahali fulani, mara nyingi kwenye kiungio cha paipu.

Hatua ya 3: Vipuri na kupakia

Vipuri ambavyo ukivikosa hutasogea ni hivi: propela ya pili, pini za propela tatu pamoja na pini zake ndogo za kufungia, plagi na spana yake, impela ya pampu ya maji (kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza injini), chujio la mafuta, paipu kamili yenye pampu ya mpira, na kamba ya kuwashia. Ongeza waya mwembamba mgumu, koleo, bisibisi na grisi. Usiweke msumari mahali pa pini. Pini imetengenezwa iwe laini ili ikatike propela inapogonga jiwe; msumari haukatiki, na kipigo huenda moja kwa moja kwenye shafti na gia.

Beba pondo lenye urefu wa mita 3 hivi na makasia mawili. Pondo lichorwe alama kila sentimita 25, kwani litakuwa kipima kina, fimbo ya kusukumia na tegemeo la turubai.

Kwa boti ya injini isiyozidi mita 6, zidisha urefu kwa upana, kisha kwa 0.7, upate idadi ya juu ya watu katika hali tulivu. Boti ya mita 5 kwa 1.6 inapata watu watano. Kwa safari ndefu gawa mara mbili, maana mafuta, maji na mahema vinachukua nafasi ya waliobaki. Vitu vizito vikae chini na katikati. Madumu yakirundikwa tezini, maji huingia nyuma pale unapopunguza resi ghafla na wimbi lako mwenyewe likakufikia.

Maji ya kunywa ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Ya mtoni yachemshe mpaka yatokote dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Kama hakuna moto, chuja, weka matone mawili ya klorini ya kufulia isiyo na harufu ya manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, kwa kila lita, usubiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, weka matone manne.

Jaketi la kuelea linavaliwa, halikaliwi. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye mguu au kwenye jaketi la aliyeshika usukani muda wote injini inapowaka. Boti ambayo dereva wake ameanguka majini huanza kuzunguka, na propela inarudi alipo.

Hatua ya 4: Soma maji

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Picha za setilaiti zinasaidia kupanga, lakini mafungu ya mchanga huhama kila baada ya mafuriko, kwa hiyo kinachoaminika ni maji yaliyo mbele yako.

Kwenye kona, maji hukimbilia upande wa nje na kuchimba. Huko ndiko kuna kina, na ndiko ukingo ulikosimama wima. Upande wa ndani maji yanapunguza mwendo, yanatua mchanga, na fungu hutokeza chini ya maji mbali kuliko linavyoonekana. Pita nje ya kona, lakini usiusogelee ukingo kupita kiasi, kwa sababu miti inayochimbwa mizizi huangukia papo hapo. Mahali pa hatari zaidi ni kati ya kona mbili, pale njia ya kina inapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hapo hata mto mkubwa huwa na kina kidogo. Punguza resi, mtu wa omo apime kwa pondo, nawe uvuke kwa mshazari.

Uso wa maji nao unasema. Mikunjo miwili ikikutana na ncha yake kuelekea unakoenda mkondo, katikati yake kuna njia baina ya vizuizi viwili. Ncha ikielekea unakotoka mkondo, kwenye ncha hiyo kuna jiwe au gogo. Eneo la maji laini lililozungukwa na vijiwimbi linaweza kuwa kina, na linaweza kuwa fungu lililofichwa na upepo. Angalia kama mstari wake unafuata upepo au unafuata mkondo. Jua likiwa mbele yako na chini, huoni chochote: simama au punguza.

Boti yenyewe hutoa taarifa. Inapoingia maji haba, tezi hujikalisha, wimbi la nyuma linakuwa refu na kukusogelea, usukani unakuwa mzito kujibu. Ukihisi hivyo, punguza resi polepole. Ukiikata ghafla, lile wimbi linakubeba na kukugongesha.

Tazama pia maji yanayotoka kwa mrija mwembamba pembeni mwa injini. Yakidhoofika, zima, inua injini, toa plastiki au majani kwenye tundu la kuingizia, kisha zibua mrija kwa waya. Mrija ukiwa mzima na maji bado haba, impela imeliwa na mchanga. Ibadilishe kabla ya kuendelea.

Hatua ya 5: Ukikwama

Toa gia mara moja. Kosa la kawaida ni kurudi nyuma kwa resi kubwa: propela inakoroga mchanga, pampu inaunyonya, na kukwama kwa dakika kumi kunakuwa injini iliyopata moto. Inua injini. Hamisha watu na madumu kutoka upande uliogusa. Kama ulikuwa unapanda mto, mkondo wenyewe utakusaidia kutoka ulikoingilia. Kama ulikuwa unashuka, unakusukuma juu zaidi ya fungu, hivyo uharaka unahitajika: mtu apeleke nanga kwenye maji ya kina, nyuma na pembeni, mvute kamba kwa mikono huku mwingine akisukuma kwa pondo. Asishuke mtu majini bila kupima kwanza, na asisimame upande wa chini wa mkondo, maana boti ikijinasua itampitia.

Kwa kuwa mkondo humsaidia anayepanda kujinasua, kipande usichokijua chenye mafungu mengi ni salama zaidi kukipitia ukipanda.

Hatua ya 6: Vyombo vikubwa na maboya

Tishari linalosukumwa linaweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, na nahodha wake haoni mamia ya mita mbele ya omo. Usikate mbele yake. Kama humuoni yeye kwenye chumba chake, naye hakuoni. Mlio mfupi mmoja wa honi ni kwamba anageukia kulia, miwili kushoto, mitatu anaendesha nyuma, mitano au zaidi ana wasiwasi na unachokifanya.

Maboya yanayoonyesha kingo za njia yana mifumo miwili duniani. Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya Asia, ukiingia kutoka baharini na kupanda, mekundu yako kushoto na ya kijani kulia. Amerika yote, kaskazini na kusini, pamoja na Japani, Korea Kusini na Ufilipino, ni kinyume.

Hatua ya 7: Kupita loki

Loki ni chumba chenye mageti mawili kinachopandisha na kushusha vyombo. Ingia polepole, tanguliza maboya ya pembeni ya kuzuia kugonga, zima injini. Kamba iwe na urefu mara mbili ya kina cha chumba au zaidi: izungushe kwenye nguzo ya juu, ncha irudi mkononi mwako. Usiifunge kamwe. Maji yakishuka na kamba imefungwa, boti inabaki imening'inia upande mmoja, na kisu ndicho kitakachokuokoa, kwa hiyo kiwe karibu. Ukishuka, kaa mbali na geti la nyuma, kwani kuna kizingiti cha zege kinachojitokeza kadiri maji yanavyopungua, na tezi ikikikalia boti inapinduka. Ukipanda, misukosuko iko mbele.

Hatua ya 8: Kulala

Tafuta mahali saa mbili kabla ya giza. Nanga itiwe kutoka omo, kamba iwe mara tano hadi saba ya kina ukijumlisha kimo cha omo kutoka majini. Usitie nanga kwa tezi kwenye mkondo: ubao wa nyuma ni mfupi, mkondo unaubana chini, na boti ndogo hujaa maji kwa muda mfupi sana. Ukae nje ya njia ya vyombo, na uwashe taa nyeupe inayoonekana pande zote.

Ukifunga ukingoni, usikaze kamba. Mto unaweza kupanda au kushuka usiku hata bila mvua hapo ulipo, hasa pale bwawa la juu linapofungulia maji. Chomeka kijiti penye mstari wa maji jioni, ukitazame kabla ya kulala na ukiamka usiku. Maji yakiwa yamepita kijiti kwa sentimita 10 ndani ya saa moja, hamishia vitu juu na ulegeze kamba. Yakiwa yamerudi nyuma kiasi hicho, sukuma boti kwenye kina kabla haijakaa mchangani.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, vua propela uangalie kama kuna uzi wa nyavu au wa ndoana uliojizungusha kwenye shafti. Uzi huo hukata sili (mpira unaozuia maji kwenye shafti), maji yanaingia kwenye gia. Legeza skrubu ya chini ya oili ya gia, acha tone moja litoke: likiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia. Badilisha oili yote, kagua tena jioni, na ikiwa imegeuka tena nenda hadi kituo cha karibu kwa resi ndogo.