Sakoshi (mkoba) ya mkanda mrefu: namna ya kuipima na kuivaa Goma, kwa miguu na kwa moto (pikipiki)

Wengi wanaoniletea sakoshi hapa Birere, mtaa wa Goma, husema mkanda umeharibika. Nikiushika nakuta ni mzima, ila haujawahi kupimwa: umebaki vile ulivyotoka kwenye balo la mitumba, kwa urefu wa mtu mwingine. Kupima hakuhitaji fundi. Fanya nyumbani, ukiwa na nguo na viatu unavyotoka navyo.

Jaza kwanza. Usipime sakoshi tupu. Weka simu, pochi, funguo, kadi ya mpiga kura, kila unachobeba siku ya kawaida. Uzito huvuta mkanda, na kitambaa laini hubadilika umbo kikijaa. Kama jioni unavaa koti zito, livae sasa hivi, maana mkanda unaopita juu ya koti unahitaji urefu zaidi.

Ielewe bukle kabla ya kuvuta. Kwenye mkanda wa nailoni kuna kichuma chenye kijiti katikati, hicho ndicho bukle. Ncha moja ya mkanda imeshonewa kwenye kijiti hicho. Kutoka hapo mkanda unashuka hadi pete ya sakoshi, unazunguka, unarudi juu, unapita tena ndani ya bukle juu ya kijiti, kisha unaendelea begani. Sehemu iliyo mara mbili ndiyo akiba yako ya urefu. Ukipandisha bukle kuelekea begani, mkanda unafupika. Ukiishusha kuelekea sakoshi, unarefuka. Usilazimishe: sukuma mkanda kidogo ndani ya bukle upate kitanzi kilicholegea, halafu vuta upande wa pili hadi kitanzi kiishe.

Kama mkanda unateleza kila ukitembea kidogo, angalia hapo hapo. Mara nyingi mtu aliutoa akaufua, akaurudisha kwa kupitisha tundu moja tu. Lazima uingie tundu la kwanza, upande juu ya kijiti, ushukie tundu la pili. Msuguano wa kijiti ndio unaoushika.

Tafuta mfupa wa nyonga. Vaa mkanda bega la kushoto, sakoshi ikae kulia, au kinyume chake kama mkono wako ni wa kushoto. Ukingo wa juu wa sakoshi uwe sawa na mfupa wa nyonga, au juu yake kidogo. Mkono ufikie zipu bila bega kuinama na bila kiwiko kupanda. Sasa tembea. Ikikupiga paja kila hatua, ni ndefu. Ikikwama chini ya kwapa, ni fupi. Inama kama unayeokota kitu: isiruke mbele ikafika magotini. Anayeishi ndani ya mitaa yenye mawe ya volkano, ambako mguu haukanyagi sawa, aipandishe vidole viwili zaidi, kwa sababu kule sakoshi huyumba sana.

Angalia pia bukle imeangukia wapi. Ikikaa juu ya mfupa wa bega itakuumiza kabla ya saa sita mchana. Kama mkanda una ndoano kwenye ncha zake mbili, zifungue, geuza mkanda, bukle ihamie mgongoni.

Geuza zipu. Ikiwa imefungwa, kishikio chake kiwe upande wa mbele, chini ya kiganja chako. Mfuko wa simu uelekee mwili. Sokoni, au kwenye foleni ya mpaka wa Petite Barrière ukienda Gisenyi, Rwanda, vuta sakoshi yote hadi tumboni na uweke mkono juu. Karatasi za kuvuka zikae kwenye mfuko huo wa upande wa mwili, usije ukafungua sakoshi nzima mbele ya watu.

Kabla ya kupanda moto, fupisha. Hili nalisisitiza kuliko yote. Sakoshi iliyo sawa kwa kutembea ni ndefu mno kwa moto. Pandisha bukle, leta sakoshi mbele, ikae katikati yako na motari, yaani dereva wa moto. Usiiache mgongoni, huioni huko. Kama mkanda wako una ncha inayoning'inia, uikunje na kuifunga kwa mpira, maana inaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma, na wewe umeuvaa mkanda huo mwilini. Anayekaa upande kwa sababu ya kikwembe (kitenge) aipakate mapajani. Mvua ikinyesha, iweke ndani ya koti.

Ili usipime upya kila mara, shona alama mbili za uzi wa rangi kwenye mkanda: moja ya kutembea, moja ya moto. Bukle ikifika kwenye uzi, basi.

Mama mwenye mtoto mgongoni asipitishe mkanda mwilini kabisa. Ukipita juu ya mtoto utamkaba, na ukipita chini yake utambana kifuani. Fupisha uufunge kiunoni, sakoshi mbele, au ining'inize bega moja.

Mikanda mingine. Ya ngozi yenye matundu, ongeza tundu la duara kwa chombo cha fundi viatu. Mkato wa kisu huendelea kupasuka. Mnyororo usiupige fundo, utavunja kiungo. Chukua kiungo cha katikati ukikamatie kwenye ndoano. Na kama mzigo wako ni mzito kila siku, tafuta mkanda mpana, kama vidole viwili, na ubadilishe bega njiani. Mkanda mwembamba hukata nyama hata ukiupima vizuri namna gani.

Vumbi letu jeusi lina chembe kali zinazokula nailoni ndani ya bukle. Pitisha mswaki mkavu wa zamani mara kwa mara, kwenye zipu pia.

Kama mkanda wako wa nailoni una ncha isiyoshonwa na unataka kukata uliozidi, subiri kwanza, uvae wiki moja au mbili, kwa koti na bila koti, kwa miguu na kwa moto. Kisha kata ukiacha akiba ya kiganja kimoja, na upitishe ncha karibu na mwali wa mshumaa hadi nyuzi zishikane. Usiiguse kabla haijapoa.