SOMO: Kutembelea Makumbusho ya Afrasiab, Samarkand (Uzbekistan), ukiwa na mwongozaji au peke yako

Wakuu, wengi wanaofika Samarkand hupiga picha Registan, ule uwanja mkuu wa kale, hula pilau la pale, kisha jioni hao kwenye treni ya Tashkent. Makumbusho ya Afrasiab wanayapita. Siwalaumu sana. Kwa nje ni jengo la enzi ya Wasovieti lililofunguliwa mwaka 1970, na ndani hakuna taji wala upanga wenye vito. Kuna chumba kimoja, na chumba hicho ndicho kinachofaa kumtoa mtu kwao.

Kuhusu swali linaloulizwa kila mara, nilipe mwongozaji au nijiongoze, msimamo wangu ni huu: lipa, lakini kwa chumba hicho tu, na baada ya kukizunguka kwanza ukiwa peke yako. Sababu zinakuja.

Hatua ya 1: Jua ni Samarkand ipi unayoiendea

Majengo ya vigae vya buluu unayoyaona kwenye kalenda ni ya enzi ya mtawala Timur na mjukuu wake Ulugh Beg, karne ya 14 na ya 15, na mengine ni ya baadaye zaidi. Mji wa kale haukuwa hapo. Ulikuwa juu ya kilima kiitwacho Afrasiab, kaskazini-mashariki ya mji wa sasa, eneo la zaidi ya hekta 200. Wagiriki waliuita Marakanda. Wenyeji wake walikuwa Wasogdia, wafanyabiashara waliosafirisha mali kutoka China hadi Uajemi na kuacha barua na makaburi yao njia nzima.

Weka kichwani tarehe tatu. Mwaka 329 KK Iskandar wa Makedonia anauteka. Mwaka 712 Waarabu chini ya Qutayba ibn Muslim wanauchukua. Mwaka 1220 majeshi ya Genghis Khan yanauvunja, waliosalia wanahamia upande wa kusini, na kilima kinabaki mahame hadi leo. Kila kitu utakachoonyeshwa ndani kinaingia katika mojawapo ya vipindi hivyo. Mtu asiye na tarehe hizi huchoka mapema, kwa sababu mbele yake vyungu vyote ni vyungu tu.

Hatua ya 2: Kufika

Ukitoka Registan, fuata barabara ya waenda kwa miguu hadi msikiti wa Bibi-Khanym, pita soko la Siyob, vuka kuelekea msikiti wa Hazrat Khizr, kisha endelea na barabara inayopita chini ya makaburi ya Shah-i-Zinda. Makumbusho yako mbele kidogo, ukingoni mwa kilima. Njia yote inatembeleka, ila kiangazi jua la huko halina mchezo, kwa hiyo nenda asubuhi. Asiyetaka kutembea aite teksi kwa programu ya Yandex Go, bei anaiona kabla ya kupanda.

Sokoni nunua mkate. Mkate wa Samarkand ni mzito, unang'aa juu, na unakaa siku kadhaa bila kuharibika. Hili halihusiani na makumbusho lakini mtanishukuru.

Hatua ya 3: Chagua mwongozaji kwa akili

Waongozaji ni wa aina mbili. Kuna wa mji, anayekuchukua hotelini na kukuzungusha kutwa nzima. Huyu ana ratiba yake, na makumbusho kwake ni kituo cha kupumzika kati ya Shah-i-Zinda na chakula cha mchana. Kuna na wa makumbusho yenyewe, anayepatikana kwa kuuliza pale pale kwenye tiketi. Mimi namchagua huyu wa pili bila kufikiria mara mbili, maana kazi yake ni zile kuta na si mji mzima.

Kabla hamjaanza, patanani mambo matatu: lugha (Kirusi na Kiingereza ndizo za kawaida kwa wageni), bei, na kwamba muda mwingi utumike kwenye ukumbi wa michoro. Uliza pia ada ya kupiga picha kabla hujatoa simu mfukoni.

Hatua ya 4: Ukumbi wa michoro

Mwaka 1965 barabara ilikuwa ikikatwa kupita kilimani, na tingatinga likagonga kuta zilizopakwa rangi. Sehemu za juu zimepotea. Kilichobaki ni sehemu ya chini ya kuta nne za chumba cha mraba, kama mita 11 kila upande. Michoro ni ya katikati ya karne ya 7, wakati wa mfalme Varkhuman, yule ambaye China ilimtambua kuwa gavana wa Samarkand katika miaka ya 650. Yaani miaka kama hamsini hivi kabla ya Qutayba kufika.

Ukiingia, usikimbilie maelezo. Simama katikati, zoesha macho. Rangi zimefifia, nyuso nyingine zimekwanguka, na dakika za kwanza utaona mabaka tu. Tafuta mikono kwanza, kwa sababu kila mtu pale ameshika kitu. Kisha fuata mpangilio huu.

Anza na ukuta wa magharibi, uliokuwa ukimkabili mtu anayeingia chumbani. Hawa ni mabalozi. Wachina wamebeba hariri katika hatua zake tofauti: vifukofuko, nyuzi, na majora. Waturuki wenye nywele ndefu zilizosukwa wameketi au wamesimama kama walinzi wa shughuli. Pembeni kabisa wako watu wawili wenye manyoya kichwani, ambao wataalamu wengi wanasema ni Wakorea. Kwenye joho la mtu mmoja kuna maandishi ya Kisogdia, na hapo ndipo jina la Varkhuman linapotajwa. Balozi wa Chaganian, nchi iliyokuwa upande wa kusini, anajitambulisha na kumhakikishia mfalme asiwe na wasiwasi naye, kwani anaijua miungu ya Samarkand na maandishi yake. Lugha ya kidiplomasia haijabadilika sana.

Geukia ukuta wa kusini. Huu ndio ninaoupenda kuliko zote. Ni msafara: tembo mweupe anatangulia, wanawake wako juu ya farasi, wanaume wawili wako juu ya ngamia, halafu mabatabukini wanne wanasindikizwa na watu waliofunika midomo kwa kitambaa, na farasi mwenye tandiko asiye na mpandaji. Nyuma anakuja mtu mkubwa kuliko wote, mfalme mwenyewe. Midomo imefunikwa ili pumzi isichafue kilicho kitakatifu, desturi ya dini ya Zaradushti. Mabatabukini na yule farasi wanapelekwa kuchinjwa.

Ukuta wa kaskazini ni China. Upande mmoja wapanda farasi wanawinda chui, na mwindaji mmoja amechorwa mkubwa kupita wenzake. Upande wa pili kuna mashua iliyojaa wanawake, na chini yao samaki majini. Ukuta wa mashariki umeharibika sana. Wataalamu wanauhusisha na India, lakini bila msaada hutaona kitu.

Sasa muite mwongozaji. Utakuwa na maswali yako mwenyewe, naye ataona anazungumza na mtu aliyekwisha kutazama. Hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi. Ukianza naye mlangoni atakusomea yale aliyowasomea wengine wote, nawe utatikisa kichwa huku ukitazama kidole chake badala ya ukuta.

Asiyetaka mwongozaji kabisa atumie michoro ya kuchorwa upya iliyowekwa humo, inayoonyesha mistari ya watu kabla hawajafifia. Soma mchoro, tazama ukuta, rudi kwenye mchoro. Taratibu, lakini inawezekana.

Hatua ya 5: Vyumba vingine

Hivi vipite kwa kasi yako, isipokuwa mahali pawili. Kwanza ni masanduku ya udongo ya kuhifadhia mifupa. Huku kwao Wasogdia kwa kawaida hawakuzika maiti ardhini. Mwili uliachwa hadi nyama iishe, ndipo mifupa ikakusanywa na kuwekwa humo. Pili ni mabakuli ya karne ya 9 na ya 10, wakati wa watawala wa Kisamani, meupe yenye maandishi meusi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, pembezoni. Waliopita chuoni wataona kwamba ni Kiarabu, lakini hayana nukta na herufi zimevutwa kwa madoido, kwa hiyo usijione umesahau kusoma. Mengi ya aina hii humtakia mwenye chombo baraka na heri.

Hatua ya 6: Toka kilimani

Uhondo mwingine wa macho uko nje. Tembea juu ya kilima, utaona mashimo ya wachimbuaji na kuta za udongo zilizoporomoka, vingi havina kibao. Vaa viatu vya kufunga na usisogelee kingo za mashimo. Ukivuka hadi upande wa pili utafika kaburi linalohusishwa na Nabii Danieli, lenye urefu wa mita 18 hivi. Wenyeji husema linarefuka. Susa, Iran, nako kuna kaburi lake, na simulizi ya Samarkand inasema Timur ndiye aliyeleta masalia kutoka huko. Nenda ukayasikilize yote mawili bila kubishana na mtu.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Unguja: Mkuu, huo msafara wa ukuta wa kusini ni wa nini hasa? Harusi?

Waliochimba mwanzoni walifikiri hivyo, kwamba ni bibi harusi analetwa. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba mfalme anakwenda kwenye hekalu la wazee wake siku ya mwaka mpya, Nauruzi, kwa kuwa maandishi ya Kichina yanataja desturi hiyo ya wafalme wa Samarkand. Na wewe wa Unguja hiyo si ngeni kwako. Mwaka Kogwa wa Makunduchi una asili katika Nairuzi hiyo hiyo ya Waajemi, ingawa kwenu unaangukia Julai na Uzbekistan husherehekea tarehe 21 Machi.

Wa Arusha: Mimi naongoza watalii huku kwetu. Nitamjuaje mwenzangu mzuri kule?

Muulize nani alikuwa juu ya ukuta wa magharibi, mahali ambapo pamepotea. Wapo wanaosema mfalme Varkhuman, wapo wanaosema mkuu wa Waturuki, na wapo wanaosema miungu. Mzuri atakueleza hoja za pande hizo na yeye anaegemea wapi. Akikupa jina moja kwa uhakika, muulize amejuaje. Swali la pili ni wale wawili wenye manyoya: je, Wakorea walifika kweli Samarkand, au mchoraji alinakili sura yao kutoka picha za Kichina? Hilo nalo lina wabishi wake.

Wa Nairobi: Kama michoro imefifia hivyo, si afadhali nitazame picha mtandaoni nikiwa nyumbani? Zimeng'arishwa vizuri.

Zitazame, tena kabla ya kwenda. Lakini picha hukata kuta vipande vipande, na hoja nzima ya chumba iko katika kukaa kwake: mwenye nyumba ana China kulia kwake, msafara wa mfalme wake kushoto, na mataifa yanayoleta zawadi mbele ya macho. Alichora dunia kama alivyotaka wageni wake waione, yeye akiwa katikati. Hilo halionekani kwenye simu.

Wa Muscat: Nakuja na mama na wadogo zangu. Mavazi vipi? Na watoto hawatachoka?

Makumbusho hayana sharti la mavazi. Shah-i-Zinda na kaburi la Danieli ni mahali pa ziara, kwa hiyo mama na dada wachukue mitandio, nanyi wanaume msivae kaptura. Shah-i-Zinda ndiko linakotajwa kaburi la Qutham ibn Abbas, binamu wa Mtume (SAW), mama atapenda kupita. Watoto wape kazi ya kuwatafuta wanyama: tembo, ngamia, farasi, mabatabukini, chui, samaki. Wataumaliza ukumbi kabla yako.

Wa Dar: Nina siku moja tu kutoka Tashkent. Inatosha?

Inatosha ukipanda treni ya kasi ya asubuhi, nayo inaitwa Afrosiyob, kwa jina la kilima hiki hiki. Ni safari ya saa mbili na kitu. Kata tiketi mapema kwa sababu huisha haraka. Ukifika anza na makumbusho, rudi kwa miguu kupitia Shah-i-Zinda na sokoni, umalizie Registan jua likishuka. Wengi hufanya kinyume, na wakifika Afrasiab miguu imekwisha.

Wa Mombasa: Sheikh wetu wa darasa la Bukhari alisema Imamu amezikwa Samarkand. Ni hapo kilimani?

Hapana. Alizaliwa Bukhara mwaka 810, akafariki mwaka 870 katika kijiji cha Hartang, na kaburi lake liko huko, kilomita 25 hivi nje ya mji, upande wa kaskazini. Ni safari ya gari. Ukitaka vyote kwa siku moja, fanya makumbusho asubuhi mlango ukifunguliwa, kisha kodi teksi ya kwenda na kurudi, na mkubaliane na dereva muda wa kukusubiri kabla hamjaondoka.