Somo: Kuipeleka garba uwanjani bila kuuvunja mduara wake

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu.

Somo hili ni kwa walioomba kujua tunavyotengeneza onyesho la kisasa la uwanjani kutokana na garba, ngoma ya mduara ya Wagujarati. Wengi mmeiona kwa mbali nyakati za Navratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, Upanga hapa Dar au Parklands kule Nairobi: marinda yanafunguka kama mwavuli, fimbo zinalia hadi usiku wa manane. Kwao Gujarat, magharibi mwa India, huchezwa usiku tisa mfululizo, kati ya Septemba na Oktoba, kumtukuza mungu mama Amba. Desemba 2023, katika kikao cha Kasane, Botswana, UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Jina lenyewe latokana na neno la Kisanskriti, garbha, yaani tumbo la uzazi. Katikati ya wachezaji huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa inawaka. Chungu ni tumbo, mwanga ni uhai. Kila ninachofundisha hapa kinaanzia kwenye chungu hicho, kwa sababu sisi tuliwahi kukisahau. Onyesho letu la kwanza niliwapanga wachezaji kwa mistari, nyuso kwa watazamaji, kama kwaya. Hatua zilikuwa sahihi na makofi yalilingana. Tulipomaliza, bibi wa Kigujarati aliyetufundisha akaniuliza, "Mwanangu, sasa mlikuwa mnamzunguka nani?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimeacha kumgeuzia mtazamaji mduara. Namwingiza ndani.

Hatua ya kwanza: pima uwanja. Mchezaji mwenye rinda pana, lile wanaloliita chaniya, anataka mita 2 za kujigeuza. Wachezaji 24 wanahitaji mzingo wa mita 48, kwa hiyo mduara wenye upana wa mita 15 hivi. Ndani yake weka mduara wa pili wa wachezaji 12, upana mita 7 na nusu. Kati ya miduara hiyo inabaki njia ya karibu mita 4, na hapo ndipo utatandika mikeka ya watazamaji, safu moja tu, katikati ya njia. Chora kwa chokaa na kamba iliyofungwa kwenye kigingi, usikisie kwa macho.

Garba huchezwa miguu mitupu. Fagia uwanja mwenyewe, kisha utembee peku kuanzia kigingini hadi ukingoni. Kama ni zege lililopigwa na jua, onyesho lisianze kabla ya magharibi.

Hatua ya pili: ngoma ikae katikati. Hapa ndipo wengi hukwama wanapotoka ukumbini. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Ukiweka spika upande mmoja, aliye ng'ambo ya mduara wa mita 15 anausikia mdundo umechelewa karibu sehemu ya ishirini ya sekunde. Ni kidogo, lakini makofi ya watu 36 yatasikika yamekwaruzana. Mpiga dhol, yaani ngoma yao ya kupigwa, akikaa karibu na chungu, wote walio kwenye mduara mmoja wanamsikia kwa umbali ule ule. Spika kama zipo, ziwe ndogo, nazo zikae katikati zikitazama nje.

Hatua ya tatu: jifunzeni ya asili kwanza. Miezi miwili, msibadilishe kitu. Anzeni na makofi mawili, be taali, kisha matatu, tran taali: piga, piga, piga, na hesabu ya nne mikono inafunguka. Unapopiga kofi mwili unainama kuelekea katikati. Mikono ikifunguka unainuka. Mwendo ni kinyume cha saa. Mdundo unaoitwa hinch una hesabu sita, na mtu wa Pwani aliyelelewa na chakacha ataushika haraka kuliko wa nane, kaherva. Anzeni taratibu kabisa. Kasi katika garba hupanda yenyewe, kidogo kidogo, na anayeikimbilia mapema huwa amechoka kabla utamu haujafika.

Hatua ya nne: sasa buni. Sisi tulibadilisha vitu vitatu. Mduara wa ndani unateremka hadi chini, wachezaji wakapiga makofi ardhini. Mduara wa nje unafunguka kuwa mkia mrefu, unapita katikati ya watu, kisha unarudi kujifunga. Na katikati ya onyesho dhol inanyamaza kabisa, zinabaki nyayo na makofi tu kwa mizunguko minne. Ukimya huo ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Nje, bila kuta, unasikia pumzi za watu.

Taa za umeme weka chache. Chungu kimeundwa kwa ajili ya nje: udongo unakinga upepo, matundu yanapitisha mwanga.

Maswali ya wanachama

*Msomaji wa Mombasa: Mwalimu shikamoo. Fimbo za dandiya zinaingia wapi?*

Marahaba. Dandiya raas ni ngoma ndugu, yenye hadithi za mungu Krishna. Hupangwa mara nyingi kwa safu mbili zinazotazamana, kila mtu akimpokea mwenzake mpya. Ichezeni baada ya garba, na watazamaji watoke kwanza kwenye mikeka, maana fimbo huvunjika na vipande huruka. Mkitaka mlio wa fimbo ndani ya garba, tazameni ngoma iitwayo tippani, ya Chorwad, pwani ya Saurashtra huko huko Gujarat. Ilitokana na kazi ya wanawake kushindilia sakafu za chokaa, na fimbo zake hupigwa chini.

*Dada wa Tanga: Mimi si Mhindu. Nitakuwa namkosea mtu?*

Dada, nenda kaombe ruhusa kwa wanaoicheza kwa ibada, na uwaambie wazi unachotaka kubadilisha. Sisi tuliombwa mambo mawili: tusitumie nyimbo za kumwabudu Amba kama mapambo, na taa ikishawaka asiingie mtu na viatu, hata fundi mitambo. Tumeyashika yote mawili. Nyimbo zetu tulitunga upya.

*Kaka wa Morogoro: Wachezaji wangu ni wanane tu, inawezekana?*

Inawezekana, kaka. Mduara mmoja wa mita 5, watazamaji nje yake wakiwa wamekaa chini. Raundi ya mwisho, kila mchezaji amwinue mtu mmoja na kumfundisha be taali palepale. Mtamaliza mkiwa kumi na sita, basi hakikisheni mmechora mapema mduara wa pili, wa mita 10.