Somo: Kuangusha ukuta wa sentimita 24 uonekane wa mita 6

Katika viinimacho vya filamu, kilichodumu kuliko vingi ni kile cha kupiga picha kitu kidogo kionekane kikubwa. Ikulu ya Marekani inayolipuliwa katika filamu ya Independence Day ya mwaka 1996 ilikuwa modeli ya plasta yenye upana wa mita 3 hivi. Leo tutajenga ukuta wa gofu, yaani jengo lililobomoka, tutauangusha na kuupiga picha kwa simu. Baadaye nitaeleza kinachobadilika kazi hiyo ikitoka kwenye televisheni na kwenda makumbusho au kwenye skrini kubwa, kwa sababu modeli inayomdanganya mtu sebuleni huumbuka haraka katika sehemu hizo mbili.

Hatua ya kwanza: kasi ya kamera

Wengi huanza na gundi na kisu, na hapo ndipo wanapokosea. Anza na hesabu. Jiwe likidondoka kutoka mita 6 huchukua takriban sekunde 1.1 kufika chini, ilhali likidondoka kutoka sentimita 24 huchukua sekunde 0.22 tu, na jicho huutambua udogo kwa haraka hiyo hata kama modeli imepakwa rangi kwa ustadi mkubwa. Simu nyingi hupiga fremu, yaani picha moja moja, 120 kwa sekunde. Zikichezwa kwa fremu 24 kwa sekunde, kasi ya kawaida ya sinema, tukio hurefuka mara 5, na ile sekunde 0.22 inakuwa 1.1. Chukua idadi ya mara ambazo tukio linarefuka, uizidishe kwa yenyewe, nawe utapata uwiano wa modeli: 5 mara 5 ni 25, basi kila sentimita 25 za kweli ziwe sentimita 1. Anayepiga fremu 240 hurefusha mara 10 na anaweza kujenga kwa uwiano wa 1 kwa 100, ingawa kwa udogo huo simshauri anayeanza.

Hatua ya pili: ukuta wenyewe

Tengeneza kalibu ya kadibodi, umimine jasi iliyochanganywa na mchanga mwingi ili ikauke ikiwa dhaifu, kwa maana ukuta imara huanguka mzima kama ubao. Kabla haujakauka kabisa, chora nyufa kwa nyuma kwa ncha ya kisu. Mchanga upitishwe kwenye chujio la chai, kwani chembe ya milimita 2 itaonekana kama jiwe la sentimita 5. Rangi isiwe ya kung'aa. Jenga kuta tatu, maana hakuna atakayekurudishia ile iliyoanguka vibaya.

Hatua ya tatu: mwanga na mahali pa kamera

Piga nje, juani. Taa zinazotumia umeme wetu wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini kamera ya kasi huona, na picha hupumua kama mtu aliyelala. Mimi nilipoteza kuta mbili chini ya taa za mirija kabla ya kulielewa jambo hili. Jua lina faida nyingine pia: kwa kasi hii kila fremu hupata mwanga kwa muda mfupi sana, hivyo unahitajika mwanga mwingi.

Macho ya mtu aliyesimama yako mita 1.6 hivi kutoka ardhini, nayo kwa uwiano wetu ni sentimita 6.4. Geuza simu kichwa chini ili lenzi ikaribie ardhi. Hakikisha mbele na nyuma vyote vinaonekana dhahiri, kwa kuwa ukungu wa lenzi nyuma ya kitu husema wazi kwamba kitu hicho kiko karibu. Kipande cha chandarua cheupe kikitandazwa kati ya ukuta na mandhari ya nyuma huleta ule weupe wa umbali.

Hatua ya nne: kuangusha

Funga uzi wa kuvulia samaki nyuma ya ukuta, uvute mara moja. Vumbi liwe udongo mkavu uliochekechwa, nawe uzibe pua na mdomo. Usitumie unga wa ngano karibu na moto wowote, kwa sababu unga ukitapakaa hewani huweza kulipuka.

Makumbusho na skrini kubwa

Kamera ina jicho moja. Mgeni wa makumbusho ana mawili, na anatembea. Macho hayo mawili humwambia papo hapo kwamba ukuta uko umbali wa mkono. Dawa yake ni kumtazamisha kwa jicho moja kupitia tundu dogo.

Skrini kubwa ina ukali wa namna nyingine. Fremu ya IMAX, mfumo wa sinema za skrini kubwa mno, hupigwa kwenye utepe wa filamu wa milimita 70 unaopita kwa ulalo, nayo huchukua matundu 15 ya ukingoni mwa utepe; ina eneo karibu mara 10 ya fremu ya kawaida ya milimita 35, kwa hiyo alama ya brashi ambayo televisheni ingeifunika hapo huwa pana kama mlango. Tiba ni kujenga modeli kubwa zaidi, kisha kupunguza kasi ya kamera kulingana na hesabu ileile.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nataka mafuriko yabomoe ukuta huo. Je, uwiano ni uleule?

Jibu: Marahaba. Hapana, kwa sababu tone la maji halipungui kwa kuwa modeli imepungua. Tone la milimita 4 mbele ya ukuta wetu litaonekana kama puto la sentimita 10. Jenga kwa uwiano wa 1 kwa 4 au mkubwa zaidi, upige fremu 48.

Swali: Mwalimu, tunaandaa maonyesho ya gofu, na tungependa wageni waone jinsi jengo lilivyokuwa. Tundu moja halitatosha watu wengi.

Jibu: Tumieni kioo, ndugu yangu. Mwaka 1862 John Henry Pepper alionyesha mzuka jukwaani kwa njia hii katika Royal Polytechnic, taasisi ya sayansi ya London. Simamisheni kioo kisafi kwa nyuzi 45 mbele ya modeli ya gofu, na pembeni, mahali ambapo mgeni haoni, wekeni modeli ya jengo zima mbele ya kitambaa cheusi. Taa ya pembeni ikiwaka, jengo litatokea ndani ya kioo, umbali uleule uliopo kati ya modeli ya pembeni na kioo. Kumbukeni kulijenga likiwa limegeuzwa kushoto kulia.

Swali: Televisheni zetu hutumia fremu 25, si 24. Hesabu yako haijaharibika?

Jibu: Umeona vyema, dada. 120 kwa 25 ni 4.8, na uwiano unakuwa 1 kwa 23, yaani ukuta wa sentimita 26. Ikiwa umeshamimina jasi ya sentimita 24, usiivunje.