Chipu kwenye nyasi za kikuyu: anza na pale mpira utakapotua

Wanafunzi wangu wengi wa gofu hapa Nairobi wana lalamiko moja. Mpira wa kwanza umeenda vizuri, wa pili umefika karibu na grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera, halafu zikibaki hatua kumi na tano za kupiga chipu, yaani pigo fupi la kuunyanyua mpira kidogo ili utue na kubingirika, mtu anaanza kulima. Mara udongo unaruka na mpira umebaki palepale, mara unapita grini kama risasi na kuzama upande wa pili.

Nilibeba mabegi miaka mingi kabla ya kufundisha, na kedi, yaani mbeba begi, huona jambo ambalo mwenye fimbo halioni: macho yake yako kwenye bendera tu. Bendera iache kwanza. Tafuta pale unapotaka mpira utue.

Kwenye nyasi zetu za kikuyu hili si la hiari. Mashina yake ni manene, yanatambaa na kushikana, na mpira ukitua juu yake hatua moja kabla ya grini, unakufa hapohapo. Zile chipu za kudunda mbali kisha zikabingirika hadi shimoni, unazoziona kwenye televisheni wakicheza Scotland, huku zisahau. Tua ndani ya grini, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, kisha uache mpira utembee wenyewe.

Sasa pima kwa miguu. Tuseme kutoka kwenye mpira hadi unapotaka utue ni hatua nne. Kutoka hapo hadi shimoni zikiwa nne pia, chukua weji ya mchanga, fimbo yenye uso uliolala sana. Zikiwa nane, pitching weji, ambayo uso wake umesimama kidogo zaidi. Zikifika kumi na sita, fimbo namba 8, iliyosimama zaidi ya hizo. Hesabu hii ni ya makadirio, na ni ya grini iliyo sawa. Grini ikipanda, chukua fimbo yenye uso uliosimama zaidi. Ikishuka, yenye uso uliolala zaidi. Swingi, yaani namna unavyoizungusha fimbo, ni ileile. Fimbo ndiyo inayobadilika.

Kusimama hakuna maajabu. Kwa anayetumia mkono wa kulia: miguu karibu karibu, uzito zaidi kwenye mguu wa kushoto na ubaki huko hadi mwisho, mpira nyuma kidogo ya katikati, mikono mbele ya mpira kidogo tu. Shika fimbo chini kwenye mpini. Kifua kizunguke pamoja na mabega, viganja vitulie. Anayelima, au kuugonga mpira kwa juu, mara nyingi anajaribu kuunyanyua kwa viganja. Hakuna haja, uso wa fimbo umelala kwa kazi hiyohiyo.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, na hapa uiname uangalie vizuri. Kikuyu huuweka mpira kwa namna mbili. Wakati mwingine unaelea juu ya majani, chini yake hewa tupu. Hapo usiikandamize fimbo nyuma yake, kwani ukiusogeza mpira unajitafutia adhabu ya pigo moja. Iinue fimbo kidogo na uufagie mpira, maana fimbo ikipita chini sana, mpira utadondoka mbele ya viatu vyako. Wakati mwingine umezama. Hapo hesabu ya hatua iweke kando: chukua weji ya mchanga, fungua uso kidogo, kaza vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto kwa sababu nyasi zitaikamata shingo ya fimbo na kuufunga uso, kisha ishushe fimbo kwa mteremko mkali zaidi. Usisimame katikati ya pigo.

Fimbo ikikwama kwenye nyasi inaweza kuugusa mpira mara mbili. Mchezaji T.C. Chen wa Taiwan yalimkuta kwenye mashindano ya US Open ya 1985 akiwa anaongoza siku ya mwisho. Shimo hilo la par 4, yaani la kumalizwa kwa mapigo manne, alilimaliza kwa mapigo 8, akakosa taji kwa pigo moja. Tangu 2019 sheria imelegezwa: ikitokea kwa bahati mbaya, linahesabiwa pigo moja tu.

Mazoezi: kunja leso, itandike kwenye grini pale unapotaka kutua, na shabaha yako iwe leso, wala si shimo. Ukishaizoea, weka ndoo ya mipira kando. Kumwaga mipira hamsini mahali pamoja kunafurahisha lakini kunadanganya, kwani uwanjani hupewi wa pili. Chukua mpira mmoja, utupe popote, piga chipu, kisha umalizie na pati, fimbo ya kubingirisha mpira, hadi uingie. Hamia sehemu nyingine.

Na kiangazi, nyasi zikikauka kandokando ya grini na udongo ukabaki wazi, weji ya mchanga irudishe begini, maana tumbo lake, yaani upande wa chini wa kichwa cha fimbo, litadunda kwenye udongo mgumu. Tumia namba 8, au piga pati kutoka hukohuko nje. Wapo watakaocheka. Wewe angalia tu kama njia hadi grini haina kishada cha kikuyu katikati.