Kurudi Juu ya Farasi Baada ya Kuanguka Mara Tatu

Ndani ya mwaka mmoja nilianguka kutoka juu ya farasi mara tatu, zote hapa hapa Mombasa, na mara ya tatu nilivunjika mtulinga. Nilitembea wiki sita mkono umefungwa shingoni. Mfupa uliunga vizuri. Lakini siku niliyorudi zizini kumwona Marjani, jike wa kahawia ninayempanda, magoti yalilegea kabla hata sijamgusa.

Walikuwepo walioniambia nipande papo hapo, hofu isije ikaota mizizi. Nikapanda. Nikatetemeka, Marjani naye akaanza kuchezesha masikio na kurudi nyuma, nikashuka nikilia. Tangu siku hiyo sikubaliani kabisa na ushauri ule. Anayetaka kurudi ashuke kwanza chini ya pale hofu inapoanzia, kisha apande polepole kutoka hapo.

Kabla ya yote, mwili upone. Kama uligonga kichwa na baadaye kikauma, ukatapika, ukachanganyikiwa au ukasahau kilichotokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo na usipande tena hadi daktari akuruhusu. Kofia ngumu iliyogonga chini nayo ibadilishwe, hata kama kwa nje haina ufa. Ile sponji ya ndani ikishabonyea haiwezi tena kukukinga.

Kisha chukua karatasi uandike kila anguko peke yake: nini kilitangulia, wewe ulifanya nini, farasi alifanya nini. Kazi hii ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Kichwani mwangu maanguko yalikuwa yamekuwa kitu kimoja kikubwa kilichosema, "wewe huwezi." Kwenye karatasi yakawa mambo matatu tofauti.

La kwanza, tandiko liligeuka ubavuni. Farasi wengi hujaza tumbo wanapofungwa mshipi wa tandiko. Ukimtembeza dakika chache anatoa pumzi, na mshipi unabaki umelegea. Mimi nilifunga mara moja nikapanda. Siku hizi nafunga, namtembeza, nafunga tena, na nikishakaa juu nauangalia mara ya tatu.

La pili lilikuwa leso iliyoanikwa kwenye ua, mwezi wa Julai, kusi ikivuma. Leso ilipiga upepo, Marjani akaruka pembeni, mimi nikabaki hewani. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pande za kichwa, anaona karibu kila upande isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia, na kitu kikimshtua hukimbia kwanza. Hakunifanyia ubaya wowote.

La tatu ndilo la mtulinga. Ilikuwa Jumapili ufukweni Bamburi, watu wamejaa, ngamia wanapita na watoto migongoni. Farasi asiyezoea ngamia humwogopa. Tulipogeuka kuelekea nyumbani akaanza mbio. Nikavuta hatamu zote mbili na kumbana mbavu kwa miguu: kwa mikono namwambia simama, kwa miguu namwambia kimbia. Angefanya nini maskini?

Nilipomaliza kuandika niliona kwamba mawili kati ya matatu ningeweza kuyazuia kabla ya kupanda, na la tatu lina ufundi wake wa kujifunza. Pumzi ilirudi kidogo.

Wiki ya kwanza sikupanda. Nilimpiga brashi, nikamwosha kwato, nikamwongoza kwa kamba uani: simama, nenda, rudi nyuma hatua mbili, geuka. Usiidharau kazi hii. Farasi anayekusikiliza ukiwa chini ana nafasi kubwa ya kukusikiliza ukiwa juu, na mikono yako inajifunza upya kwamba yeye si adui.

Wiki ya pili nilipanda nikiwa kwenye kamba ndefu. Saisi, yaani mtunza farasi, husimama katikati na kumzungusha farasi, kwa hiyo kumwongoza si kazi yako. Yako ni kukaa tu. Saisi wetu ni mzee wa makamo, nami humwita Ami. Siku ya kwanza aliniangalia kidogo akasema, "Mwanangu, pumua. Ukiziba pumzi wewe, naye aziba." Akaniambia niimbe. Nikaimba nyimbo za vugo ninazozijua tangu utotoni, zile za harusini, kwa sauti. Mwimbaji hawezi kuziba pumzi. Mzunguko wa tatu hivi Marjani alishusha shingo na kupiga chafya, nami nikajikuta nimekaa kitako kizima badala ya kuning'inia kwa magoti. Ukibana magoti unasukumwa juu, tandiko linakutupa. Legeza nyonga, visigino chini, macho mbele, si kwenye masikio ya farasi.

Mwombe mwalimu akufungie ukanda shingoni mwa farasi. Ukishtuka, ushike huo. Usining'inie kwenye hatamu ukamuumiza kinywa.

Baada ya hapo tulifanya mambo mawili, farasi akiwa amesimama kwanza, kisha akitembea, mpaka mwili ukayazoea. Moja ni kushuka kwa dharura: toa miguu yote miwili kwenye vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, inama mbele, rusha mguu wa kulia nyuma, tua magoti yakiwa yamekunjika, na usitue ukiwa umenyoosha mkono, maana hivyo ndivyo mtulinga wangu ulivyoondoka. La pili ni kumgeuza kwa hatamu moja. Farasi akianza kuondoka na wewe, kaa nyuma, legeza miguu, mvute pole upande mmoja aingie kwenye duara, na duara ulipunguze taratibu. Fanya hivi mapema, kabla mbio hazijawa kali. Ukimgeuza ghafla akiwa kasi mnaweza kuanguka wote wawili. Nadhani nimelirudia jambo hili mara mia. Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba sina la kufanya, na sasa ninalo.

Mwendo wa matiti, ule wa kudundadunda, niliungoja hadi wiki ya tano. Mwingine atauanza mapema. Kipimo changu ni hiki: nikimaliza zoezi natamani kuendelea, kesho naongeza kidogo, nikimaliza meno yameumana, kesho narudi hatua moja. Na niache wakati mambo bado ni mazuri, hata kama ni dakika kumi na tano tu.

Kwa wenzangu tunaovaa hijabu: chini ya kofia ngumu vaa ile ya kuvuta, isiyo na pini. Pini ikibanwa kichwani wakati wa kuanguka ni hatari. Ndara ziache nyumbani; vaa kiatu kilichofunga chenye kisigino kifupi, mguu usipenye kwenye kikuku ukakwama.

Ufukweni tulirudi mwisho kabisa. Angalia maji kabla ya kutoka. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, hapa Mombasa maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi, na mchanga ulioachwa ukiwa na unyevu ni mgumu na una nafasi. Mchanga mkavu wa juu humchosha farasi na kumfanya ajikwae. Chagua siku ya kazi, si Jumapili wala Idi. Mara ya kwanza nilipita kwa miguu pale nilipoangukia, nimemshika Marjani kamba, tukasimama mpaka ngamia wawili wakapita mbali. Mara ya pili nilipita nimepanda, Ami akitembea kando.

Wiki iliyopita tulipita peke yetu. Tulipogeuka kuelekea nyumbani aliharakisha kidogo. Nikashika ukanda, nikatoa pumzi, nikamgeuza duara moja, akatulia, tukarudi kwa mwendo wa kawaida.