Somo: Kupima panya wanavyohimili glukosi, si wanavyohimili njaa na hofu

Swali ni lilelile kila mara: mbona panya wangu wazima wanatoa majibu kama ya wagonjwa wa kisukari? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika hapa. Nazungumzia kipimo cha kuona mwili unavyoiondoa glukosi (sukari) kwenye damu, kwa panya wadogo wa maabara, kwa sindano ya glukosi ya tumboni, yaani kwenye uwazi wa tumbo, si ndani ya mfuko wa chakula. Kama kamati ya maadili haijaidhinisha kazi yako, usianze.

1. Wazoeshe kushikwa siku kadhaa kabla, na mtu yuleyule atakayewapima. Panya mwenye hofu hupandisha sukari hata kabla ya sindano.

2. Wapime uzito siku yenyewe, si jana yake.

3. Kuwafungisha. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ondoa chakula asubuhi, anza kupima baada ya saa 6. Usiwafungishe usiku kucha kwa kuwa watu hupimwa hivyo. Panya hula zaidi usiku, na mwili wake huchoma nishati upesi mno. Akilala bila chakula, glikojeni (akiba ya sukari) ya ini inakaribia kwisha, uzito unaporomoka, na misuli inaitikia insulini (homoni inayoshusha sukari) kuliko kawaida. Binadamu akifunga muda mrefu mwitikio huo hupungua. Kwa panya huongezeka. Kwa hiyo tofauti unayoitafuta kati ya makundi ya panya unayoyalinganisha inaweza kufutika kabla hujashika sindano.

Tahadhari: wahamishie kizimba kisafi chenye matandiko mapya. Makombo hujificha chini ya matandiko, na panya hula kinyesi chake. Maji USIONDOE. Makundi yote yafunge saa zilezile.

4. Glukosi ya asilimia 20, isiyo na vijidudu: mikrolita 10 kwa kila gramu ya uzito. Hiyo ni gramu 2 kwa kilo.

5. Toboa ncha ya mkia, futa tone la kwanza, pima la pili. Dakika 0 ni kabla ya sindano. Kisha 15, 30, 60 na 120. Wapishanishe dakika moja moja ili usikimbizane na saa.

MASWALI

– Mkuu, nimewafungisha tangu jana jioni, niendelee tu?
Hatua ya 3. Isome.

– Lakini kuna makala walifungisha saa 16 na zikachapishwa.
Ndiyo, na majibu yao yasomwe kama majibu ya saa 16. Usiyalinganishe na ya saa 6. Sijasema ni haramu, nimesema ujue unapima nini.

– Mimi nawalaza kwa isofluraini, dawa ya usingizi, wasihangaike.
Isofluraini yenyewe hupandisha sukari. Ndiyo maana hatua ya 1 ipo.

– Kipima sukari kinaandika HI.
Vingi vya binadamu hukomea 33.3 mmol/l, yaani 600 mg/dl. HI maana yake sukari imezidi kikomo hicho, si namba, kwa hiyo usiingize 33.3 kwenye wastani kana kwamba umeipima. Tenga plazima (majimaji ya damu yasiyo na seli), izimue, upime kwa mbinu ya kimeng'enya.

– Samahani mwalimu, kwa nini tusiwape kwa mdomo, kama mtu anavyokunywa?
Swali zuri sana, ndugu yangu. Glukosi ikipitia utumbo huamsha GLP-1 na GIP, homoni zinazoihimiza kongosho itoe insulini zaidi. Sindano ya tumboni huiruka sehemu kubwa ya njia hiyo. Ukichunguza homoni hizo, au dawa kama sitagliptini inayozuia zisivunjwe, mdomo ndio njia sahihi. Ila kumbuka kasi ya tumbo kumwaga chakula nayo inaingia kwenye matokeo, na mrija wa kulishia unataka mkono uliofundishwa. Tukishika njia moja, tusiibadilishe katikati ya utafiti.

– Na panya wanene? Nahisi nawazidishia dozi.
Umehisi sawa, dada. Mafuta huongeza uzito, na dozi inapanda nayo, ilhali misuli inayopokea sukari haikuongezeka kwa kiwango hicho. Ukiweza kupima uzito usio wa mafuta, piga hesabu kwa huo. La sivyo, wape wote kiasi kimoja, na uliandike hilo wazi.

– Nje ya mada: wangu wa streptozotosini (dawa ya kuwasababishia panya kisukari) wanakufa usiku wa kwanza.
Dawa inapobomoa seli za beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini, insulini iliyokuwa ndani humwagika na sukari inaanguka vibaya. Wape maji yenye sukari ya mezani asilimia 10 usiku huo, na chakula kiwepo. Kisukari kikishashika watakunywa na kukojoa mno, kwa hiyo ongeza chupa za maji na badilisha matandiko kila siku.